KATIKA KUINUA SILAHA JUU YA MTU
Nasaha kwa Waislamu wa Gongoni, Tabora, na ndugu zao wa pwani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeharamisha nafsi ya mwanadamu kuuawa ila kwa haki. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zangu, mji huu waijua bunduki tangu zama za misafara. Mwaka 1871 Waarabu wa Unyanyembe waligombana na Mtemi Mirambo kwa habari ya hongo na njia ya Ujiji. Wakamwendea kwa bunduki, wakateka vijiji vyake. Naye akawavizia walipokuwa wakirudi na nyara, akawaua wengi. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule akaja mpaka hapa Tabora, akachoma upande wa mji, na Khamis bin Abdallah akauawa alipotoka kumkabili. Ugomvi wa mali ulikula roho za watu.

Jueni ya kuwa kumwelekezea mtu silaha ni kitendo chenye hesabu yake, hata kama risasi haikutoka. Mtume, s.a.w., amekataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwani hajui, huenda Shetani akaiponyosha mkononi mwake. Na katika Sahihi ya Muslim imepokewa ya kuwa malaika humlaani mwenye kumwelekezea nduguye chuma, ijapokuwa ni ndugu yake wa baba na mama. Basi haijuzu kuitoa bastola kwa mzaha, wala kwa kutisha mdeni, wala kwa kujionyesha barazani.

Mtu akiuliza: Je, nikishambuliwa nikae kimya? Jawabu: La. Mtume amesema ya kuwa mwenye kuuawa akiitetea mali yake ni shahidi, na vivyo hivyo nafsi yake na watu wake. Lakini wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wameweka daraja: mshambulizi huzuiwa kwa lililo jepesi, kisha lililo zito kidogo. Akizuilika kwa maneno, haijuzu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, haijuzu fimbo. Akizuilika kwa fimbo, haijuzu silaha ya kuua. Pasipo nafasi ya daraja hizo, kwa kuwa panga limekwisha inuliwa juu ya kichwa chako, hapo yajuzu.

Na akiuliza: Mwizi akikimbia? Jawabu: Aliyekupa mgongo, akauacha mshiko wake, shari yake imekwisha, risasi ya mgongoni ni kisasi, wala si kujitetea. Sheria ya nchi nayo haiko mbali na haya: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania yampa mtu haki ya kujitetea kwa nguvu ya kadiri tu, na Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yamtaka mwenye bunduki awe na leseni.

Ama askari, asidhani ya kuwa nguo ya serikali yamwondolea mizani. Kanuni zilizokubaliwa Havana mwaka 1990 katika mkutano wa Umoja wa Mataifa zamtaka ajitambulishe, aonye, na asikusudie kuua ila pasipo budi, kwa kuokoa roho. Mwezi wa Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi walikamatwa Dar es Salaam, kisha wakapigwa risasi katika msitu wa Pande. Ikasemwa ni majambazi. Tume iliyoongozwa na jaji ikaona sivyo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja kwa kuua. Mtu aliyekwisha kuwa mikononi mwako ni amana.

Kumbukeni habari ya Usama bin Zaid, aliyemuua mtu vitani baada ya kutamka shahada. Akajitetea ya kuwa yule alisema kwa kuogopa silaha. Mtume akamuuliza kama aliupasua moyo wake, akaukariri ukali wake mpaka Usama akatamani kuwa asingalisilimu kabla ya siku ile. Huyo ni kipenzi cha Mtume, na alikuwa vitani. Itakuwaje kwetu, tulio katika amani?

Basi mwenye silaha ajiulize mambo matatu kabla hajaigusa: Je, shari iko mbele yangu sasa? Je, hakuna jepesi kuliko hili? Je, ikikoma, nitaacha? Likikosekana moja, na airudishe alani mwake.

Ewe Mola, zihifadhi damu zetu, na ututie hofu ya Siku ya Hesabu. Amin.