Muuguzi Akiondoka, Dhambi ni ya Nani?



Pale Owino, jirani na uwanja wa Nakivubo, nawajua wanafunzi wa uuguzi wanaouza mitumba wakati wa likizo ili walipe ada. Wakihitimu, wanataka kwenda Ghuba. Tunawalaumu kwamba wanawatupa wagonjwa wetu. Je, ni haki?

Miaka ya 2014 na 2015 serikali ya Uganda yenyewe ilipanga kupeleka wahudumu wa afya 263 Trinidad na Tobago. Mpango huo ulipingwa mahakamani, nami nauona ulistahili kupingwa. Lakini kupinga peke yake hakumlipi muuguzi.

Imam Ghazali aliihesabu tiba kuwa fardhi kifaya, na uuguzi umo humo. Fardhi hiyo isiposimamiwa, dhambi ni ya wote wenye uwezo, si ya mmoja. Anayeondoka ili awatunze wazazi wake naye ana wajibu anaoutimiza. Basi anayemtaka abaki, na amwezeshe kubaki.

Kila Ramadhani tunachangia futari. Tuchangie na ada ya muuguzi mmoja. Hapo tutakuwa na uso wa kumwomba asiondoke.