Dawati Moja, Historia Mbili

Uliza darasani Nyeri, Karatina au Othaya, ni nani guka wake aliingia msituni. Mikono itapanda. Sasa uliza ni nani guka wake alikuwa ngati, askari wa kijiji upande wa mkoloni. Utaona kimya. Na bado ngati walikuwa maelfu, na vitukuu wao wanakaa dawati moja na vitukuu wa Mau Mau. Je, mwalimu ana haki ya kunyamaza ili darasa liwe na amani?

Wanaosema ndiyo wana hoja. Kwani mtoto alichagua babu? Hata Kenyatta alihimiza watu wasahau yaliyopita, na marufuku dhidi ya Mau Mau ilibaki kwenye sheria hadi 2003.

Lakini kimya nacho kina mwenyewe. Miaka ya 1950, mashamba ya huku yalipounganishwa na kupimwa upya, wengi walikuwa kizuizini, na wapo wa upande wa serikali waliojiongezea. Ukinyamaza, unamlinda aliyepata, si aliyepoteza.

Wazee wetu walijua kuwa darasa lina siasa. Wakoloni walipotaka Mwafrika afundishwe zaidi kazi za mikono, wao walidai Kiingereza na vitabu. Wakachanga pesa, wakajenga shule huru, na 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Wakati wa hali ya hatari serikali ikazifunga, na Githunguri pakageuzwa mahali pa kunyongea watu.

Hapo tunashangilia. Ila kuna kingine: shule hizo zilishika kasi baada ya mzozo wa 1929, mamisheni yalipowabana waumini wakane tohara ya wasichana. Wazee walikuwa sahihi kuhusu ubaguzi. Kuhusu miili ya wasichana, hapana. Ukifundisha nusu ya kwanza pekee, unafanya kama mkoloni: unamchagulia mtoto cha kujua.

Kumwambia mtoto "babu yako alifanya hivi" si kumwambia "wewe ndivyo ulivyo." Kazi ya mwalimu ni kutenganisha hizo sentensi mbili, kisha aseme ya kwanza bila kupunguza. Asiposema, mtoto ataisikia siku ya kesi ya shamba, kutoka kwa mtu mwenye hasira, na huyo hatatenganisha chochote.