Kigingi Hakibebi Mzigo
Masomo: Isaya 22:20-25, Ezra 9:8



Mnakumbuka Jumapili ile gitaa la kwaya liliporusha kigingi katikati ya wimbo. Watoto walicheka, kwaya ikamaliza kwa makofi. Kesho yake nililipeleka kwa fundi, nikakaa nikimtazama.

Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Zinashikwa kwenye kibao kilichogundishwa juu ya tumbo la gitaa, ambacho mafundi hukiita daraja. Mwisho wa kila uzi una kitufe kidogo cha shaba. Kitufe huingia tunduni, kisha hufuata kigingi, kinene kichwani na chembamba nchani. Tundu nalo halina budi kuwa na mteremko uleule.

La kwetu lilikuwa limetobolewa sawa juu hadi chini, kigingi kikapigiliwa kwa nyundo. Kilishikwa mdomoni tu, ndani kilining'inia. Fundi alisema, "Mngezidi kupiga, daraja lingepasuka, maana matundu yote yako mstari mmoja."

Akachukua kijiti chenye mchongoko wa kigingi, akakizungushia msasa, akakizungusha tunduni taratibu. Kidogo tu, akapuliza unga, akajaribu kigingi. Akarudia tena na tena, kwa kuwa tundu likipanuka mno mbao haijirudii. Kigingi kilipoingia kwa kusukumwa na kidole, akaacha.

Nikamwuliza, "Sasa kitabeba uzi?" Akacheka. "Mchungaji, kigingi hakibebi. Kinazuia kitufe kisichomoke tu. Kinachobeba ni kibao kigumu kilichogundishwa ndani, usichokiona. Kitufe kikiegemea ncha ya kigingi badala ya kibao, uzi ukikazwa kigingi kinaruka."

Ndugu zangu, neno hilo nilirudi nalo nyumbani. Kila familia hapa ina kigingi chake: jina kwenye orodha ya kwenda nchi ya tatu, ndugu aliye ng'ambo, habari za amani kutoka kwetu. Si vibaya. Ezra alimshukuru Mungu aliyewapa mabaki wa uhamisho mahali padogo pa kushika, kama kigingi. Lakini Isaya anaonya kwamba iko siku kigingi hulegea, na vyote vilivyotundikwa juu yake huanguka. Tumewaona wenzetu ambao jibu lilirudi "hapana", wakaacha kula, wakaacha kuja ibadani.

Sisemi kwamba Mungu ndiye aliyetufukuza makwetu ili atufundishe. Waliotufukuza ni watu, nao watajibu mbele zake. Nasema hivi: shukuru kwa kigingi, ila usikiegemeze uzito wa roho yako. Chini yake yuko Kristo, msingi uliokwisha kuwekwa (1 Wakorintho 3:11). Haonekani kwenye orodha yoyote, wala hafutwi katika yoyote.

Juma hili, kila nyumba imtembelee mmoja ambaye kigingi chake kimeruka. Usiende na nyundo ya maneno mengi. Kaa naye taratibu, kama fundi yule, na uombe pamoja naye.

Mungu awabariki. Amina.