Uzee wa Kifaa na Shukrani ya Mwenye Nacho

Katika wadi ya Mkomani mjini Mombasa, ng'ambo ya Daraja la Nyali, majumba yenye bustani yanapakana na nyumba za kupanga za chumba kimoja. Watoto wa pande zote mbili wanapenda gemu, na mzazi wa upande wowote hufikiwa na swali lile lile: kifaa cha gemu cha mkononi kinunuliwe kipi, cha toleo jipya au cha zamani ambacho bei yake imeshuka? Wengi hulichukulia kuwa suala la mfuko tu. Mimi naliona kuwa suala la dini na maadili, kwa sababu linatudai tuamue kitu huzeeka lini, na tuna wajibu gani kwa kile tunachokiacha. Wapo watakaosema kwamba gemu yenyewe ni upuuzi usiostahili mjadala wa namna hii. Lakini mlango wa burudani haukufungwa. Wapokezi wa Hadithi Bukhari na Muslim wote wamepokea habari ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki msikitini kwa Mtume, na mkewe Bi Aisha akawatazama mpaka akatosheka mwenyewe. Imam Shatibi wa Andalusia, aliyefariki 1388, aliyapanga maslahi ya mwanadamu katika daraja tatu: ya dharura, ya haja, na ya kuyapamba maisha. Daraja la tatu hakulitupa, alilipa nafasi yake chini ya yale mawili. Kifaa cha gemu, maadamu hakili sala wala masomo, kinaingia humo. Na kwa kuwa si cha dharura, hatuwezi kujitetea kwa kusema kwamba tulilazimika. Kila tunachokifanya nacho tumekichagua, na tutakijibia.

Tuanze na ushahidi wa kifaa chenyewe. Tarehe 5 Juni 2025 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Switch 2 kwa bei ya dola 449.99 nchini Marekani, takriban shilingi 58,000 za Kenya kabla ya gharama za usafiri na kodi. Switch ya kwanza, iliyotoka Machi 2017 kwa dola 299.99, ilikuwa imeshauzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Siku ile ya Juni hakuna hata Switch moja kati ya hizo iliyopungukiwa na uwezo. Gemu zilizokuwa zikicheza jana yake ziliendelea kucheza. Kilichobadilika ni jicho la mwenye nayo. Ni kweli kwamba kipya kina ubora wake: kioo cha inchi 7.9 badala ya 6.2, na hifadhi ya GB 256 badala ya 32. Lakini kwa makadirio ya Nintendo wenyewe, betri ya Switch 2 hudumu kati ya saa 2 na 6.5, ilhali ile ya Switch iliyoboreshwa mwaka 2019 hudumu kati ya saa 4.5 na 9. Pale umeme unapokatika magharibi, cha zamani kinakishinda kipya. Wala jambo hili si geni. Mwaka 1989 Gunpei Yokoi na wenzake wa Nintendo walitoa Game Boy yenye kioo kisicho na rangi, wakitumia kwa makusudi teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei. Atari Lynx ya mwaka ule ule na Game Gear ya Sega ya 1990 zilikuwa na rangi, lakini zilimaliza betri kwa saa chache. Game Boy, pamoja na ndugu yake Game Boy Color, iliuzwa karibu milioni 119, ikawaacha mbali washindani wake wote wawili. Kwa hiyo upya na ubora ni mambo mawili, na mara nyingine hayakai nyumba moja.

Basi nani ana haki ya kusema kwamba kitu kimezeeka? Soko linajibu kuwa ni kiwanda, siku kinapotoa toleo jingine. Jibu bora zaidi naliona kwa Imam Ghazali, aliyefariki 1111, katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din. Kwake yeye shukrani haiishii kwenye ulimi. Kuishukuru neema ni kuitumia katika kusudi lililoifanya iwepo, na kuiacha au kuipotosha na kusudi lake ni kuikufuru, hata kama mdomo unahimidi mchana na usiku. Hutoa mfano wa mtu anayevunja tawi la mti bila haja ya maana: huyo ameikufuru neema ya mti, na neema ya mkono uliovunja. Nikiupeleka mfano huo mezani petu, napata kanuni ninayoitetea hapa. Kifaa huzeeka pale kinaposhindwa kutimiza kusudi la anayekitumia, na mpaka hapo kinaendelea kumdai mwenyewe matumizi. Kanuni hii haimwoni mwenye kifaa cha zamani kuwa mcha Mungu kwa sababu hiyo tu. Anayekusanya Game Boy kumi na kuzifungia kabatini zisichezwe na mtu yuko katika kosa lile lile la anayenunua Switch 2 na kuiacha ya kwanza ife betri kwenye droo. Wote wawili wamevunja tawi.

Tawi lenyewe, yaani kifaa, lilipatikana kwa gharama, na waliolipa si watu wa mbali nasi. Sehemu kubwa ya kobalti inayotumika katika betri za lithiamu, zaidi ya theluthi mbili ya uzalishaji wa dunia, inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika ukanda wa Kolwezi. Koltani, inayotoa madini ya tantalamu ya kutengenezea vipuri vidogo vya umeme, huchimbwa Rubaya huko Masisi, Kivu Kaskazini. Kote huko Kiswahili husemwa sokoni na machimboni. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016 ilieleza jinsi watoto wanavyofanya kazi katika machimbo ya kobalti, baadhi yao wakiwa na umri wa wale wale tunaowanunulia gemu. Upande wa pili wa safari uko karibu zaidi. Taka za Mombasa huishia Mwakirunge, Kisauni, ambako watu huchambua kwa mikono kile ambacho wengine wamekichoka. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kifaa kinachoachwa kabla ya wakati wake kinadai kingine kichimbwe, na kinaongeza kingine cha kutupwa. Aya za 26 na 27 za Sura ya Al-Israa zinapoukemea ubadhirifu kwa ukali ule, tusidhani zinahusu sinia za pilau peke yake.

Hoja nzito ya kwanza dhidi yangu inatoka sokoni. Kama hakuna anayenunua kipya, cha mtumba kitatoka wapi? Mombasa ni mji wa bandari, na nguo, magari, simu na friji nyingi zinazotumika hapa zimetumiwa kwanza na wengine. Mama wa nyumba ya kupanga anayempatia mwanawe Switch ya 2017 kwa bei anayoiweza, anamtegemea mtu aliyeamua kununua ya 2025. Hoja hii ni ya kweli, nami naikubali yote. Ila tazama inachokithibitisha: wema wa kununua kipya hautokani na kununua, unatokana na kukitoa cha zamani kikaendelee kutumika. Anayenunua kipya na kukizika cha zamani hajamsaidia yule mama kwa lolote. Basi hoja hii inalihamisha swali mahali pake. Mzazi asijiulize tu anunue kipi. Ajiulize kile kinachotoka mkononi mwake kinakwenda kwa nani.

Hoja ya pili inasema kwamba viwanda vyenyewe huviua vifaa vya zamani, kwa hiyo kuving'ang'ania ni kujidanganya. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilifunga mauzo katika duka la mtandaoni la kifaa chake cha zamani cha 3DS, na Aprili 2024 huduma nyingi za kuchezea mtandaoni katika kifaa hicho zikakoma. Hapa kanuni yangu hairudi nyuma. Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa 1931 na likatumika hadi la sasa lilipofunguliwa 1980. Halikuzeeka siku wahandisi walipochora jingine, lilizeeka magari yalipolizidi nguvu, na kulibadilisha ilikuwa haki. Vivyo hivyo, anayehitaji kucheza na ndugu zake walioko Muscat au London, na kifaa chake hakiwezi tena, ana sababu ya kweli ya kununua kipya. Lakini 3DS yenye kadi zake za gemu bado inacheza leo bila kuomba ruhusa ya seva yoyote, na kadi hizo zinaweza kuuzwa, kuazimwa na kurithiwa. Gemu iliyonunuliwa mtandaoni imefungwa kwenye akaunti ya mnunuzi, na akaunti haitolewi sadaka. Kwa mtu anayejali hatima ya mali yake, hiyo ni sababu ya kupendelea kadi kila inapopatikana.

Hoja ya tatu ndiyo inayouma. Je, mafundisho haya hayawafanyi maskini kuwa jaa la makombo ya matajiri? Mtoto wa chumba kimoja apokee kifaa chenye kijiti kinachosogea chenyewe na betri ya nusu saa, kisha aambiwe ashukuru? La hasha. Aya ya 267 ya Sura ya Al-Baqara inawakataza waumini kutoa kibaya ambacho wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho, na aya ya 92 ya Aal Imran inaufunga wema na kutoa katika kile tunachokipenda. Majirani zetu Wakristo wanayo maneno ya Yohana Mbatizaji katika Luka 3, kwamba mwenye kanzu mbili amgawie asiyekuwa nayo, na kanzu ya kugawa inaeleweka kuwa ni ya kuvaliwa. Kifaa kinachotolewa kipelekwe kwanza kwa fundi, kiwekewe betri nzima, vijiti vitengenezwe, na kiende na chaja yake na gemu zake. Gharama hiyo ni sehemu ya bei ya kile kipya, na asiyeiweza bado hajakiweza kipya. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imewapa watengenezaji na waagizaji wajibu juu ya bidhaa zao hata baada ya kuziuza. Mwenye kifaa naye hawezi kujiona hana wajibu ambao hata mfanyabiashara amebebeshwa.

Kwa hiyo anayesimama dukani na ajiulize mambo matatu kabla ya bei. Kile alichonacho kimeshindwa na kusudi gani hasa? Kama hakuna jibu, asubiri. Kama anaanza upya na gemu anazozitaka zinacheza katika toleo la zamani, achukue la zamani, kwa kuwa hapo anaitumia kazi ya mikono iliyokwisha fanyika na hadai nyingine. Na kama kipya ndicho kinachomfaa kweli, akinunue bila kuona haya, ila ajue mapema jina la atakayekipokea cha zamani, na akitoe kingali kizuri, wakati ambapo yeye mwenyewe bado angefurahi kukicheza.