Elfu tano ya Mtanzania

Nina deni la shilingi elfu tano Karatu, na kwa miaka zaidi ya kumi nimekuwa nikijitetea kichwani bila mtu kunishtaki.

Ilikuwa 2013, msimu wa 6 wa Tusker Project Fame, lile shindano la kuimba lililokuwa likifanyika Nairobi na kuonyeshwa kwenye runinga za Afrika Mashariki. Tulikuwa tunaangalia kwenye baa moja kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro: madereva wa watalii, mafundi, walimu wawili watatu. Watu wakachanga, huyu jero, huyu buku, ikafika elfu tano. Nikapewa mimi, kwa sababu simu yangu ndiyo ilikuwa na chaji. Ninunue vocha, nimpigie kura mtu wetu mpaka salio liishe.

Sasa akaimba Hope Irakoze wa Burundi. Jamani, baa nzima ilinyamaza, hata wale wa meza ya pool. Nikatoka nje kama mtu anayetafuta mtandao. Kura mbili za kwanza nikampa Mtanzania. Zilizobaki zote nikazipeleka Burundi. Niliporudi nikasema, "Zimeenda zote." Wala sikudanganya, ukiyashika maneno yalivyo.

Hope alishinda msimu ule. Sidhani kama ni kwa sababu yangu.

Tuanze na lililo jepesi: pesa haikuwa yangu. Wanasema mjumbe hauawi, lakini sijasikia popote kwamba mjumbe aruhusiwe kubadilisha ujumbe. Hapo nina kosa, yameisha.

Linalonisumbua ni lile jingine. Je, ingekuwa pesa yangu? Shindano linauliza nani kaimba vizuri. Ukijibu "mimi ni wa Tanzania", umejibu swali ambalo hukuulizwa. Kwenye mashindano ya kwaya niliyokulia, waamuzi walitoka usharika mwingine. Hakuna aliyedai kwamba wazee wetu hawaipendi kwaya yao. Waliwekwa pembeni kwa sababu wanaipenda. Wazungu nao, kwenye Eurovision yao, tangu 1957 nchi haiwezi kujipigia kura yenyewe. Sisi tuliruhusiwa, tena mara nyingi kadiri ya salio. Biashara hiyo, siwalaumu.

Mwalimu mmoja aliyekuwepo usiku ule angenipinga, namjua. Angesema kura ile siyo ushahidi, ni mchango. Mtoto wa jirani akioa, hukai kupima kama bibi harusi ndiye mzuri kuliko wote wilayani. Unatoa kwa sababu ni wa kwenu. Hoja hii siidharau. Karatu tuna Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, Wamaasai na wafanyabiashara kutoka kila kona, na baadhi ya lugha zetu hata undugu wa mbali hazina. Lakini 2006, msimu wa kwanza, Nakaaya Sumari wa Arusha alipoingia shindanoni, wote tulisema "wetu". Siyo jambo dogo hilo.

Ila kama "wetu" inaweza kunyooshwa hivyo, kwa nini ikatike mpakani? Chukua ramani, upige mstari: kutoka Karatu, Bujumbura iko karibu kuliko Mtwara. Halafu tazama waliowahi kushinda. Kenya mara mbili, Uganda mara mbili, Rwanda 2009, Burundi 2013. Tanzania, yenye watu karibu milioni 45 kwa sensa ya 2012, haikushinda hata msimu mmoja. Rwanda na Burundi ni nchi ndogo. Ama wapo waliowapigia kwa kufuata masikio, ama sisi tulipenda wetu bila kuweka vocha. Yote mawili naweza kuyashuhudia.

Mwaka jana nikamwambia mmoja wao, dereva, tukiwa Bashay tunasubiri gari litengenezwe. Akaniangalia muda mrefu.

"Wetu ulimpa ngapi?"

"Mbili."

"Mbili tu, kaka?" Akatikisa kichwa. Kisha akauliza yule Mrundi aliimba nini, nikashindwa kukumbuka, na hilo ndilo lililomkera zaidi. "Yaani hata wimbo huukumbuki!"

Akadai buku yake. Nikampa. Imebaki elfu nne, na wengine wawili wamehamia Mto wa Mbu.