Hatia ya Asiyejua

Katika nyudhuru zote ambazo binadamu hujitetea nazo, hakuna iliyo nyepesi kutamkwa kama neno "sikujua". Mtoto hulitumia mbele ya mama yake, na hakimu hulisikia mahakamani. Aghalabu twalipokea kana kwamba kutojua ni giza lililomshukia mtu kutoka nje, naye hana sehemu ndani yake. Mimi pia nililipokea hivyo kwa miaka mingi, mpaka baiskeli yangu iliponilazimisha kulitazama tena.

Baiskeli yenyewe ni ya gia saba. Msomaji aliyezoea baiskeli ya gia moja, ile ya kubebea maji na mkaa, aniwie radhi nieleze kidogo. Katika gurudumu la nyuma pamepangwa duara saba za meno, kila moja kubwa kuliko jirani yake wa nje, na zote pamoja huitwa friwili. Chini yake hung'inia mkono wa chuma wenye springi. Waya utokao usukanini huuvuta mkono huo ndani, upande wa spoki, na mnyororo hupanda duara kubwa zilizo nyepesi mlimani. Waya ukiachiwa, springi huurudisha nje kwenye duara ndogo. Parafujo mbili huuwekea mkono mipaka: moja huuzuia usipite nje, ya pili usipite ndani ukazifikia spoki. Parafujo hizi hazihamishi mnyororo hata kidogo. Ni mabawabu tu.

Siku chache baada ya kutiwa waya mpya, mnyororo ulikataa kufika duara ya mwisho, iliyo kubwa kuliko zote. Sababu ilikuwa ndogo: waya mpya na ala yake hujituliza katika siku za kwanza, na kwa hiyo mvuto hupungua. Dawa yake ni kukizungusha kinyume cha mwendo wa saa kile kifuniko kidogo chenye mikwaruzo kilicho mwisho wa ala, robo au nusu ya mzunguko, kisha kujaribu. Sikuyajua hayo. Nilikuwa na bisibisi mkononi, na bisibisi haioni kitu kingine ila parafujo. Nikailegeza ile ya ndani. Hakuna kilichobadilika. Nikailegeza tena, kisha tena. Baadaye nikakigusa kile kifuniko, mnyororo ukapanda, nami nikanawa mikono kwa furaha ya mtu aliyejitosheleza. Parafujo nikaiacha kama nilivyoifungua.

Jumamosi ile mpwa wangu akaiazima. Alipofika mwinuko wa Mlimani, pale Dar es Salaam, akaisukuma gia nyepesi kwa nguvu, kama afanyavyo kila mtu aliyekwisha kuchoka. Mkono ukapita duara ya mwisho, mnyororo ukaangukia kati ya friwili na spoki, gurudumu likakwama, naye akaanguka. Lori lililokuwa nyuma yake lilisimama kwa shida. Alirudi jioni kiwiko kikivuja damu, baiskeli ameiinua begani.

"Shikamoo, Mjomba. Nisamehe, nimekuharibia baiskeli."

Nikamjibu kuwa vijana hawana mkono wa upole.

Usiku nikaipindua baiskeli magurudumu juu, nikaitazama ile parafujo ilivyochomoza, nikaelewa. Ni kweli kwamba sikujua kazi yake. Lakini jirani yangu naye haijui, wala hapana atakayemtia hatiani kwa kuanguka kwa kijana yule. Ujinga wetu ulikuwa sawa. Tofauti yetu ni kwamba mimi niligusa. Tena nasema zaidi. Mzunguko wa kwanza ulipokosa kuleta jambo lo lote, nilipata ujuzi mmoja wa hakika, kwamba maradhi hayakuwa pale. Ujuzi huo ulitosha kunilazimu niirudishe parafujo mahali pake. Sikuweza basi kusema kuwa sikujua kitu. Nilijua kidogo, nikakitupa kile kidogo.

Itasemwa kwamba kila mtu na ampelekee fundi. Sikubali. Fundi naye alijifunza kwa kuharibu, na wengi hawana fedha ya kumlipa. Na mara nyingine twamlipa fundi ili tupate mtu wa kumlaumu tu. Wako pia walioiona gia yenyewe kuwa ni udhaifu. Henri Desgrange, aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka 1903, alitaka ushindi uwe wa misuli, na washindani wakuu hawakuruhusiwa kutumia mkono wa kuhamisha mnyororo mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo walishuka njiani, wakalifungua gurudumu la nyuma na kuligeuza ili wapate meno ya upande wa pili. Hoja ya Desgrange hainigusi sana. Linalonisumbua ni jingine: mpanda baiskeli husogeza kidole mbele yake, na tendo lake hutimia nyuma ya mgongo wake asikoona. Nami niliongeza umbali huo, maana nililegeza parafujo nyumbani, na tendo langu likatimia barabarani chini ya mtu mwingine.

Nilinyamaza siku tatu. Kijana alikwisha kuniomba radhi, nami nilikwisha kuipokea. Kila aliponiamkia nilijiona nimeshika mali isiyo yangu. Siku ya nne nikamwita uani, nikampa bisibisi, nikamwonyesha parafujo ya ndani na kumweleza yote, pamoja na lile neno langu la mkono wa upole.

Aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika, wala hakusema kuwa si kitu.

"Mjomba," akauliza, "ulizungusha mara ngapi?"

Sikuwa nimehesabu.