Mkono Unaokata Gizani

Shemeji yangu wa Nkwenda, kule Kyerwa, alipopasuliwa saratani ya titi, daktari hakumficha kitu. Alimwambia kwamba pamoja na uvimbe ameondoa nyama ya pembeni, nyingine pengine nzima kabisa. Macho na vidole havitoshi kutambua saratani inapoishia. Akikata kidogo, ugonjwa hubaki. Akikata sana, kilicho kizima hupotea bure.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: anayekata kizima kwa kuhofia kibovu, je, ana hatia?

Marekani wamepata namna ya kupunguza giza hilo. Mwezi Aprili 2024 waliidhinisha dawa iitwayo Lumisight kwa wenye saratani ya titi. Mgonjwa hudungwa mshipani saa chache kabla. Dawa hukaa kimya mwilini mpaka ikutane na vimeng'enya ambavyo uvimbe huwa navyo kwa wingi. Hapo ndipo inapoanza kung'aa. Uvimbe ukishatolewa, daktari huingiza kifaa chenye mwanga ndani ya jeraha, akaona kwenye skrini masalia yaliyomponyoka. Nisiisifu kupita kiasi. Mara nyingine hung'aa pasipo na saratani, mara nyingine hunyamaza ilipo, na wako wachache ambao miili yao huikataa kwa hatari. Kukata au kuacha bado ni uamuzi wa mtu.

Daktari wa shemeji hakuwa nayo. Alikata kwa kadiri alivyoona, kisha akasema wazi alichofanya. Yeye simwoni na hatia.

Ninayemtilia shaka ni mwingine. Mwaka 1991 wanachuo waligoma katika chuo cha ualimu nilichokiongoza. Sikuwajua vinara, nami nilihofu mgomo usije ukaenea, nikafukuza bweni zima. Baadaye nilipata habari kwamba wawili kati yao usiku ule walikuwa wamelazwa zahanati kwa malaria. Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba nami nilikata gizani. Lakini taa ya daktari yule ilikuwa ng'ambo ya bahari. Yangu ilikuwa mlangoni: kuwaita vijana mmoja mmoja, niwasikilize. Ingenichukua siku tatu.

Mmoja wa wale wawili sasa analima kahawa karibu na Kayanga. Tukikutana sokoni hunipa shikamoo kwa heshima zote. Huitikia marahaba upesi, nikageukia kuuliza bei ya ndizi.